Muulize Mama Stoo: Filta ya hewa kwa injini ya dizeli yenye tabo

Kiangazi kimekolea, na barua karibu zote za mwezi huu zinanuka vumbi, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi si fundi. Nilitunza stoo ya vipuri ya kampuni ya malori pale Ipogolo, Iringa, hadi nilipostaafu, na dereva hakuondoka na filta mpya kabla ya kunikabidhi ya zamani. Walinilaumu sana kwa urasimu huo. Lakini filta chafu ukiigeuzageuza mikononi inakusimulia gari limepita wapi na nani amelifungua. Vumbi jekundu la Mbozi nililijua, nyeusi ya makaa ya mawe ya Ngaka nayo niliijua, na ile ya kijivu ya machimboni ndiyo niliyoiogopa.

Shikamoo Mama Stoo. Nina tipa aina ya Howo 371, inabeba marudio kutoka machimboni kwenda kwenye mitambo ya uchenjuaji huku Chunya. Injini ilifanyiwa ovahoo, haijamaliza hata mwaka, imeanza tena kula oili na inachoka mlimani. Fundi anasema ninunue filta ya hewa iliyo bora. Dukani Mbeya wameniwekea tatu mezani: ya karatasi ya Kichina kwa bei ya kawaida, ya karatasi ya Ulaya kwa karibu mara tatu ya bei hiyo, na ya kitambaa cha pamba chenye mafuta. Hii ya mwisho wanasema haiishi, unaiosha na kuirudisha, na kwa kuwa gari lina tabo litaongezeka nguvu. Nichukue ipi?
*Mwenye tipa, Chunya*

Marahaba, mwanangu. Umezieleza filta vizuri, ila kilichonishtua kwenye barua yako ni mzigo. Marudio ni mwamba wa dhahabu uliokwisha kupita kwenye karasha ukawa unga, na sehemu kubwa ya mwamba huo ni kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini chenye ngazi 10, kwatzi iko ngazi ya 7, juu kabisa ya chuma cha slivu zako, yaani kuta za silinda. Punje zinazoumiza hasa ni zile usizoziona kwa macho, za mikroni 5 hadi 20, maana zinatosha kuingia kati ya ringi za pistoni na slivu na kukatiza utando wa oili. Wewe unalala na kuamka ndani ya unga huo.

Sasa weka tabo juu yake. Injini ya Howo 371 ina lita 9.7. Ikipanda mlima na mzigo, mizunguko 2,200 kwa dakika, tabo inaisukumia hewa kiasi cha mita za ujazo 20 kila dakika. Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 ndani yake. Kwa hiyo tipa yako inameza kontena zima la hewa ya Chunya kabla dakika mbili hazijaisha, na inarudia hivyo kutwa nzima. Injini ya ukubwa uleule isiyo na tabo ingemeza kama nusu ya hapo.

Ndiyo maana yule muuzaji anayesema habari za nguvu nisingemsikiliza. Nguvu kwenye injini yako zinatoka kwenye pampu ya dizeli, na pampu hiyo imeshapimwa. Ukiipa hewa zaidi bila dizeli zaidi hupati kitu cha kujivunia, na filta ya karatasi iliyo safi, ya saizi sahihi, haiizuii hewa kiasi cha kuonekana mlimani. Muulize badala yake swali moja: inazuia asilimia ngapi ya vumbi, kwa kipimo cha ISO 5011, kile cha kimataifa cha filta za hewa? Filta nzuri ya karatasi ya lori hufika 99.9. Za pamba yenye mafuta, watengenezaji wenyewe hutaja kati ya 96 na 99. Atakuambia ni tofauti ya kijiko. Haya, tuchukue kilo moja ya vumbi. Ya 99.9 inapitisha gramu 1. Ya 99 inapitisha gramu 10. Ya 97 inapitisha gramu 30. Gramu 30 za kwatzi ndani ya injini iliyotoka ovahoo, mwanangu, hiyo ni ovahoo nyingine. Sisemi pamba ile ni kitu kibaya. Ilibuniwa kwa mashindano, ambako mtu anatafuta sekunde.

Tumebaki na karatasi mbili. Mimi siidharau ya Kichina kwa sababu ya uchina wake, gari lenyewe limetoka kiwandani na filta ya Kichina. Ninachodharau ni nakala ya nakala, ambayo unaweza kuikuta hata kwenye boksi lenye jina la Ulaya. Kwa hiyo usinunue boksi, fungua. Kwanza namba: filta nyingi za malori ya Kichina zimeandikwa kwa mtindo wa K2640 au K2841, ambapo tarakimu mbili za mwanzo ni upana wa nje kwa sentimita na mbili za mwisho ni urefu, kwa kukadiria. Ukienda na futi kamba na ile ya zamani, hakuna atakayekubambikizia inayofanana kwa mbali. Halafu tazama mikunjo ya karatasi. Iwe imenyooka na kuachana kwa nafasi sawa kuzunguka pande zote. Feki huibia hapo: mikunjo michache, karatasi kidogo, filta inaziba mapema. Nyingine hubananisha mikunjo mpaka inagusana, nayo hewa haipiti katikati. Ingiza tochi ya simu ndani, zima taa za duka, zungusha. Mwanga unaopenya karatasi uwe wa aina moja. Ukiona nukta inayong'aa, hiyo ni tundu, rudisha.

Kitu cha mwisho, ambacho mimi huanza nacho, ni sili. Bonyeza mpira kwa dole gumba, uzame na kurudi. Ukiwa mkavu kama plastiki au ukibaki na shimo, sahau hiyo filta hata kama karatasi yake imetoka mbinguni. Kuna za kukaza kwa nati, ambazo sili inabanwa kwenye kitako cha kopo, ile nyumba ya filta, na kuna zinazosukumwa juu ya bomba hadi mpira ulikumbatie. Hizi za pili zikiingia bila kukupa upinzani wowote, si saizi yake. Na usipake grisi kwenye sili kama wafanyavyo wengi, grisi inakusanya vumbi palepale unapotaka pawe safi.

Mimi hapo ningechukua ya Kichina ya kiwandani ikipita majaribio hayo, na fedha iliyobaki ningeipeleka kwenye hosi, yale mabomba ya mpira ya hewa. Sababu ni hii: filta duni huua injini polepole, tundu huua upesi. Injini ya ovahoo isiyofikisha mwaka, fundi akiwa hakukosea ringi, inanifanya niwaze tundu.

Chukua kitambaa cheupe. Fungua bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo, futa ndani. Bomba hilo ni la upande msafi, kitambaa kinapaswa kutoka na rangi ileile. Kikitoka na unga wa kijivu, hiyo filta ya Ulaya uliyotaka kuilipia mara tatu isingekusaidia kitu, kwa sababu vumbi linapita pembeni yake. Fuata unga huo kurudi nyuma. Mara nyingi utakuta mstari mwembamba umekatiza sili, au hosi imepasuka upande wa chini ambako hakuna anayeinama kuangalia, au klipu imekazwa hadi imekata mpira. Na kuna kijihosi ambacho wengi hawakijui: malori mengi, ile kompresa ya hewa ya breki huvuta hewa yake kutoka kwenye bomba hilohilo la upande msafi. Fundi wa breki akikichomoa na kusahau kukirudisha, gari litaendelea na safari vizuri kabisa, breki zinashika, na injini inakula vumbi bila kunawa.

Hapa kuna jambo ambalo niliwarudia madereva mpaka wakachoka. Nyuma ya tabo, yaani kati ya tabo na interkula (kile kipoza hewa) na injini, bomba likitoboka utasikia sauti ya upepo, gari litakosa nguvu, moshi mweusi utatoka, na dereva atalalamika siku hiyohiyo. Hapo hewa inatoka nje. Mbele ya tabo, kati ya filta na tabo, bomba likitoboka hakuna dalili yoyote. Hapo hewa inavutwa ndani, injini inapata pumzi ya kutosha na dereva anafurahi.

Ukiwa umelifungua bomba, angalia mapanga ya tabo kwa tochi. Ncha zinapaswa kuwa kali na zenye kingo. Zikiwa zimelika na kuwa butu, vumbi limepita hapo kwa muda. Mengine ni ya haraka: kile kimdomo cha mpira chini ya kopo kinapaswa kuwa laini na midomo yake ifunge, kazi yake ni kutema vumbi zito. Kikikatika au kikiziba kwa tope, vumbi lote linabaki ndani. Na kama tipa yako ni ya zile zilizokuja na filta ya kuoga oili, inayopitisha hewa kwenye bakuli la oili, mbele ya ile ya karatasi, usiiondoe, huko Chunya ni baraka, inapunguza mzigo wa karatasi. Ila oili isipite alama. Tabo ina mvuto mkubwa, oili ikizidi itaivuta na kuilowesha karatasi, na ikizidi sana injini inaweza kuichoma oili hiyo na kupandisha mizunguko yenyewe bila kuguswa pedeli. Tope likifika sentimita moja chini ya bakuli, mwaga, osha, weka mpya.

Kama ringi zimeshalika, filta haitazirudisha. Lakini usifanye ovahoo ya pili kabla ya kitambaa cheupe kutoka cheupe.

Hujambo Mama Stoo. Nina Canter iliyokuwa na injini ya 4D33. Ilichoka, nikafungiwa 4D34 yenye tabo. Aliyeniuzia alisema hii mpya ina cc chache kuliko ya kwanza kwa hivyo filta ile ya zamani itatosha. Lakini tangu nifunge, gari linatoa moshi mweusi nikipanda, na kuna oili kwenye bomba la interkula. Nifanyeje?
*Mfanyabiashara wa viazi, Nakuru*

Sijambo, karibu. Aliyekuuzia amesoma cc vizuri na kusahau tabo. Ni kweli 4D33 ni lita 4.2 na 4D34 ni lita 3.9. Lakini 4D33 huvuta hewa kwa pistoni peke yake, na ikikazana kabisa inachukua kiasi cha mita za ujazo 6 kwa dakika. Ya tabo, pamoja na udogo wake, itataka 8 hivi au 9. Nakuru mko juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, na tabo inazunguka kwa kasi zaidi ili kuifidia. Unailazimisha ipumue kupitia kopo lililopimiwa injini nyingine.

Dalili zako mbili zinaenda pamoja. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Oili kwenye bomba huenda ni ya tabo yenyewe: filta ikibana, kunakuwa na mvuto mkubwa mdomoni mwa tabo, na mvuto huo unainyonya oili kupita sili yake. Watu wengi huiona oili hiyo wakaanza kununua tabo nyingine. Wewe anza na filta.

Tafuta kopo kamili, na bomba lake, la Canter iliyozaliwa na 4D34 ya tabo. Magari yaliyobomolewa yapo, na Kirinyaga Road pale Nairobi sidhani utakosa. Usichukue kopo bila bomba. Bomba la injini isiyo na tabo mara nyingine ni laini, na likivutwa kwa nguvu linanywea katikati. Ukizima gari linarudi, fundi akija analiona zima. La tabo liwe gumu au liwe na waya ndani. Mdomo wa kuvutia hewa uuelekeze mbali na joto la rejeta.

Ukitaka uhakika, fungisha kipimo cha mvuto kwenye bomba kati ya filta na tabo, panda mlima na mzigo, gia ikiwa inavuta hasa. Kwa injini nyingi za dizeli zenye tabo mwisho ni kilopaskali 6.2, ambazo kwenye vipimo vya zamani zimeandikwa inchi 25 za maji. Kipimo ukikisoma gari limesimama na silensa inapiga polepole, umepoteza muda wako. Hewa inayopita wakati huo ni kidogo mno kukuonyesha chochote.

Shikamoo Mama. Mimi ni dereva wa semi, njia yangu Dar hadi Tunduma, wakati mwingine naingia vijijini kubeba mahindi. Tajiri wangu ameagiza kila asubuhi kabla ya kuondoka utingo afungue filta aipulize kwa kompresa ya gereji. Mimi naona tunaichosha, yeye anasema anatunza mali yake. Nani yuko sahihi?
*Dereva, Tunduma*

Marahaba, baba. Uko sahihi wewe, ila usimwambie kwa ukali, maana nia yake ni njema. Mpe ukurasa huu ausome na chai.

Tajiri, shikamoo kama umenizidi umri. Filta ya karatasi ikiwa mpya kabisa haijafika uwezo wake wa juu. Vumbi la mwanzo linapokaa juu ya karatasi linatengeneza tabaka jembamba, na tabaka hilo nalo linachuja, hata punje ambazo karatasi peke yake ingeziachia. Kila asubuhi utingo wako analipuliza tabaka hilo na gari linaanza upya. Halafu kompresa ya gereji ina bar 7 au 8. Watengenezaji wanaoruhusu filta kupulizwa, wengi huweka mwisho wa bar 2, na upepo utoke ndani kwenda nje, kwa umbali. Kwa bar 8 karatasi inapata vitundu ambavyo tochi tu ndiyo itaviona. Na kila unapofungua kopo barabarani, vumbi la mfuniko linaanguka upande msafi, sili inavutwa na kurudishwa ikiwa na mchanga. Nilipokuwa stoo nilizijua filta zilizofunguliwa sana kwa sili zao, si kwa karatasi.

Lori lenu lina kiashiria kwenye kopo au bomba la filta, kikopo cha plastiki chenye dirisha, au taa kwenye dashibodi. Utepe mwekundu ukijaa dirishani, filta imefika. Kabla ya hapo, iacheni. Bonyezeni kitufe cha juu kukirudisha kila mnapobadilisha, na mkibadilisha mara mbili hakijasogea kabisa, kikagueni, huenda kimekufa. Kama hakipo, kinunuliwe. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na filta yenyewe.

Kupuliza kwenyewe mimi sikukupenda kabisa. Lakini najua njia ni ndefu na kuna mahali utepe unajaa na duka liko mbali. Basi ipulizwe ile kubwa ya nje tu, si ndogo ya ndani, kwa upepo mdogo, kutoka ndani, mara moja ya kukufikisha kwenye duka. Isigongwe kwenye tairi. Kitako kikipinda hata kidogo sili haikai tena. Na tafadhali, wale mnaoosha karatasi kwa Omo na kuanika juani kama shati, karatasi ile ina gundi maalumu inayoifanya isinywe maji. Mkishaiondoa kwa sabuni, mmebaki na boksi la mayai.

Mama, kwenye Scania yetu kuna filta mbili, kubwa na ndogo ndani yake. Fundi ameitoa ile ndogo, anasema ni ya nchi za baridi na gari litapumua vizuri. Ni kweli?
*Msimamizi wa magari, Makambako*

Si kweli, na fundi huyo airudishe leo. Ile ndogo ni mlinzi. Siku kubwa ikitoboka au ikivunjika kitako, ndogo inaziba, gari linakosa nguvu, dereva anasimama na injini inapona. Pia inakinga wakati kubwa imetolewa na kopo liko wazi. Haipulizwi, haioshwi, haitolewi kutazamwa. Ibadilishwe kila kubwa inapobadilishwa mara ya tatu au kama kitabu cha gari kinavyosema. Ukiikuta ndogo ina vumbi la kuonekana, tatizo liko kwenye ile kubwa au sili yake, na hapo badilisha zote mbili.

Shikamoo bibi. Sisi barabara za vumbi tunaivalisha filta soksi ndefu ya kike (ile nyepesi ya ofisini) halafu tunaifunga. Inasaidia?
*Utingo, Sumbawanga*

Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuta soksi hizo nyingi kwenye filta zilizorudi, na nyingine nilijiuliza mwenyewe amebaki na nini. Soksi inashika majani, wadudu na punje kubwa ambazo kopo lilikuwa linazitupa lenyewe kwa mzunguko wa hewa. Punje ndogo zinapita kwenye soksi kama hakuna kitu. Hasara yake ni kwamba ikilowa au ikijaa inaganda juu ya mikunjo na kuibana, na ikichanika vipande vinabaki ndani ya kopo. Mkitaka kinga ya mbele, kuna vichujio vya kuzungusha hewa vinavyofungwa juu ya bomba la kuvutia, kama mnavyoviona kwenye matrekta, na vinatoa sehemu kubwa ya vumbi kabla halijafika kwenye karatasi. Kiwe cha saizi ya injini yenu. Kidogo kinabana, na kikubwa mno hakizungushi hewa kwa kasi ya kutosha kutupa vumbi.

Mama Stoo, mimi ni mjane, mume wangu aliniachia malori mawili hapa Kahama. Kila mwezi naletewa risiti ya filta za hewa na sijui kama kweli zinafungwa. Siwezi kupanda juu ya kichwa cha lori kukagua. Nifanye nini ili nisiibiwe?
*Mwenye malori, Kahama*

Pole sana dada yangu kwa msiba, na hongera kwa kuendesha. Kupanda huna haja.

Kwanza jua unachonunua. Kwenye risiti isiandikwe "filta ya hewa" tu, iandikwe namba. Ukinunua Mann, filta ya hewa ya nje namba yake huanza na C, na ile ndogo ya ndani huanza na CF. Fleetguard za hewa huanza na AF. Risiti ikiwa na CF kila mwezi, uliza, kwa sababu ile ya ndani haibadilishwi kila mwezi hata huko Kahama kwenye vumbi la migodi. Na ya nje nayo, kila mwezi ni mapema kwa lori linalotembea lami. Uliza utepe wa kiashiria ulikuwa rangi gani. Dereva asiyejua kiashiria kiko wapi amekujibu tayari.

Filta mpya ikifika, ipitie wewe mwenyewe. Kwa kalamu ya wino mzito andika kwenye kitako chake tarehe, namba ya gari na kilomita za siku hiyo, kisha tia sahihi yako. Ndipo itoke. Filta ya zamani irudi kwako ndani ya boksi la ile mpya, na iwe na maandishi yako ya mara iliyopita. Isiporudi, mpya haitoki, hata wakilalamika kwamba gari linachelewa mzigo.

Ukishazipokea zilizorudi, zilaze kando kwa kando uzilinganishe. Iliyobaki karibu nyeupe imetolewa mapema, na fedha yako imekwenda bure. Iliyojaa vumbi kavu sawasawa kuzunguka imefanya kazi yake. Yenye giza la oili upande mmoja au harufu ya moshi inasema kuna oili au gesi ya injini inayorudi kwenye bomba, hiyo mpelekee fundi. Yenye duara la maji ichukulie kwa uzito, hasa masika: mdomo wa kuvutia hewa una tundu au kofia yake haipo. Halafu pitisha kidole kwenye sili, sehemu ya ndani inayogusa bomba. Ikiwa safi, filta hiyo imefungwa na mtu anayejua kazi. Ukikuta mstari wa vumbi umevuka mpira, hata mwembamba, lori hilo lisiondoke kabla bomba la upande msafi halijafutwa kwa kitambaa mbele yako.